Kiti cha Bwana Emile

Bukavu, tarehe 9 Novemba 1958

Mama Colombe, muke wangu,

Mashua ya mission inaondoka kesho asubuhi, basi naandika haraka, nguo za kanisa zingali mwilini. Kwanza mama yangu. Mguu wake unaendeleaje? Mwambie asijaribu kuusimamia mpaka mfupa ushike vizuri. Najua hatakusikia, lakini mwambie.

Sasa habari kubwa. Bwana Emile, mkubwa wetu wa redio, anarudi Ulaya. Juzi alitukusanya sisi sote ndani ya studio, akavuta ule mlango mzito, akasema kwa Kiswahili chake cha kubomoka: “Wazee, miye nakwenda. Nyuma yangu, ndani ya kiti yangu, atakaa muntu mweusi. Wakubwa wamekubali.”

Wewe hujawahi kuingia mule ndani, Virginie. Kuta zimevishwa mbao laini zinazomeza kila mlio, na watu wakinyamaza kimya chake si kama kimya cha huku nje. Unasikia damu yako mwenyewe ikipita masikioni. Ndivyo tulivyokaa, kila mtu na damu yake.

Fikiri kidogo. Mkubwa wa matangazo ya lugha zetu kwenye Redio ya Ziwa, mtu wa Kadutu, mtaa wetu weusi! Baba yangu aliwabeba wazungu juu ya tipoy, kile kiti cha miti, mabegani, kutoka ziwani mpaka milimani. Leo mtoto wa mubeba tipoy anaweza kukaa kwenye kiti kile na kuamua nchi nzima isikie nini jioni.

Na jina linalotajwa ni moja tu, Firmin. Nani mwingine? Yeye ndiye sauti ya kwanza ya Kiswahili iliyotoka pale. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika karatasi isilie mbele ya mikro, na kuvuta pumzi watu wasiisikie. Bwana Emile alipokuwa akisema, nilimtazama Firmin. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akaivua tena.

Salimia nyumba yote. Umbusu Colombe, umwambie baba yake anasema vizuri na anakula vibaya.

Mume wako,
Alphonse


Idjwi, tarehe 23 Novemba 1958

Baba Colombe,

Mguu uko hivyohivyo. Mama anasema ni wake, wewe ukae na wako.

Lakini ngoja nikueleze jambo la Jumapili iliyopita. Unajua Padri Constantin huweka redio yake juu ya baraza ya mission kila jioni jua likianza kulegea, na watu wanakaa kwenye majani. Zamani walikuwa wachache. Sasa wanatoka mpaka upande wa mashamba ya kahawa, wanawake na mizigo yao kichwani, wavuvi na nyavu mbichi begani, na kila mtu anakaa kimya kama kanisani. Mama alikuwa hajaenda hata mara moja. Alisema hawezi kubebwa kama maiti kwa ajili ya sanduku. Jumapili akabadilika. Vijana wawili wakambeba na kitanda chake.

Redio ikapiga muziki, ukanyamaza, halafu ukatoka wewe. “Hapa Redio ya Ziwa, Bukavu.” Baba Colombe, mimi nimekuzoea, nimekusikia ukikoroma. Lakini hata mimi nilishikwa na baridi mikononi. Sauti ilikuwa yako na haikuwa yako. Ilikuwa kubwa kuliko wewe. Ilipita juu ya maji yote yale bila mtumbwi na kufika pale bila kuchoka.

Mama alishika ubao wa kitanda. Akaita kwa nguvu: “Alphonse! Umekula?”

Watu walicheka kidogo, halafu wakaacha kucheka. Kwa sababu mama alikuwa akingoja jibu, na machozi yalikuwa yanamtoka. Akasema polepole, “Nyamuzinda,” kama mtu aliyemwona Mungu akipita mlangoni. Wewe ukaendelea na bei za kahawa.

Tuliporudi nyumbani akaniuliza: “Ile maneno, ni nani anamupatiaka?”

Nikamwambia: “Wakubwa ndio wanaandika, mama. Yeye anasoma.”

Akaomba maji.

Firmin akipata kiti, mpe pongezi zangu. Muke wake anastahili kupumzika. Ni yule mama aliyenifundisha Kadutu nilipofika sijui hata njia ya kisima.

Virginie wako


Bukavu, tarehe 14 Desemba 1958

Mama Colombe,

Barua yako nimeisoma hata karatasi imelegea. Mwambie mama kwamba ndiyo, nilikula, maharage.

Hapa mambo yamekuwa mazito kidogo. Firmin aliitwa kule juu, kwenye ofisi moja ya serikali ambayo nisiiandike jina. Tulidhani anaenda kupewa kiti. Muke wake alimpigia pasi koti, vijana wa studio wakamfuata mpaka barabarani kama wanamsindikiza bwana arusi. Akarudi kwa miguu, koti mkononi.

“Ilikuwa namna gani, muzee?” nikamuuliza.

“Waliniuliza kila kitu,” akasema, “ila redio tu ndiyo hawakuiulizia.”

Walitaka kujua anakaa na nani siku za mapumziko. Walitaka kujua kwa nini alikwenda kwenye mkutano wa chama kile cha vijana, na aliongea nini pale. Kwa nini anapenda kusema “nchi yetu” wakati karatasi imeandikwa “koloni.” Aliwajibu kila swali. Hajui kudanganya, ni kama mtu asiyejua kuogelea. Bwana Emile aliandika kwa mkono wake kwamba Firmin ndiye anayefaa. Nasikia hata hawakumjibu.

Mimi pia niliitwa siku mbili baadaye. Waliuliza habari za afya na za watoto, basi. Lakini ungeona ile ofisi! Dirisha lake limemeza ukuta mzima, na ndani ya dirisha kuna ziwa lote, visiwa vyote, mpaka milima ya Rwanda. Nilidhani nitaona hata moshi wa jiko lako. Nikasimama pale mdomo wazi kama mtoto, mpaka bwana mwenye ofisi akakohoa.

Noeli hii sitaweza kuja. Kazi ni nyingi.

Alphonse


Idjwi, tarehe 28 Desemba 1958

Baba Colombe,

Umefanya nini?

Nakuuliza hivyo kwa sababu siku mbili kabla ya Noeli, Bwana Administrateri, mkubwa wa serikali wa huku, alikuja nyumbani kwetu. Sisemi kijijini, nasema nyumbani. Alishuka kutoka mashua ya moteri na askari wake, akapanda njia yetu ile yenye matope, akavua kofia, akainama kupita kwenye mlango wetu. Ulikuwa unajua mzungu anaweza kuinama hivyo? Majirani walisimama kwenye migomba kama miti iliyopandwa.

Alimsalimu mama kwa mikono miwili. Mimi aliniita “madame.” Nilitazama nyuma nione ni nani ameingia.

Alimletea mama blanketi jipya, jekundu, na tangu siku hiyo mganga wa dispansari anapanda mwenyewe kuja kuutazama mguu. Zamani tulikuwa tunamwomba. Sasa anatuomba sisi tumpe nafasi. Bwana aliniambia: “Mume wako ni mutu wa maana, madame. Serikali inamujua. Mwandikie, mwambie tulipita.”

Basi nimekwambia, walipita.

Mama amejifunika blanketi lakini haulizi limetoka wapi. Watu wanakuja kuligusa. Wanasema Alphonse amekuwa mkubwa, hata wazungu wanamtolea kofia. Mimi nacheka nao. Halafu nikiwa peke yangu najiuliza: mtu aliyeitwa kuulizwa afya na watoto tu, kwa nini mzungu atembee kwenye matope kwa ajili yake?

Sina hasira. Nashangaa tu, na nataka kushangaa nikiwa najua.

Virginie


Bukavu, tarehe 9 Januari 1959

Virginie,

Sikukuambia yote.

Siku ile kwenye dirisha kubwa walinipa kiti. Hawakunizungusha. Bwana yule alisema: “Firmin anasema vizuri, lakini anajisikiliza sana. Weye uko mutu mutulivu.” Mimi kuwa mkubwa wa matangazo! Nyumba ya matofali, na Colombe ataingia kwenye shule ya masista pamoja na watoto wa wazungu. Nilihisi sakafu inapanda.

Halafu akaeleza yaliyobaki. Maneno yote yatatoka kwao yakiwa yamepigwa mashine, na mimi nitahakikisha hakuna anayeongeza wala kupunguza. Na kila mwisho wa juma nipande kwao kuwaambia Firmin amesema nini, na nani amekuja kumwona. “Kitu kidogo,” akasema, “kwa ajili ya utulivu.”

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Nilisema, “Nipeni wakati, Bwana,” na naona wakati wenyewe wanautumia kupanda njia yetu na mablanketi.

Firmin hajui. Kila asubuhi ananimiminia kahawa yake kutoka termosi, tunakunywa kikombe kimoja, na mimi namtazama nikiwaza, huyu ndiye nitakayembeba kila mwisho wa juma kwenda kule juu. Halafu nawaza mguu wa mama. Nawaza Colombe akisoma. Halafu nawaza kwamba nikikataa watampa mwingine, na huyo mwingine labda atakuwa mbaya zaidi. Kila wazo lina mlango wake, na nyuma ya kila mlango nakuta wazo jingine limeketi.

Huko Léopoldville kumekuwa na fujo, watu wamekufa. Tunajua kwa watu wanaoshuka kwenye ndege. Tumekatazwa kusema neno. Jana nilisoma habari za mashindano ya baiskeli.

Wanasema Mfalme wao kule Ulaya atasema na nchi nzima hivi karibuni. Mimi ndiye nitakayesoma Kiswahili chake. Wakubwa wamechagua wenyewe.

Niambie kitu.

Alphonse


Idjwi, tarehe 14 Januari 1959

Alphonse,

Barua yako ilifika jana asubuhi, na mchana tukamsikia Mfalme. Basi nina mambo mawili mkononi na sijui nianze na lipi.

Naanza na la pili. Padri Constantin aligonga kengele mchana mtupu. Watu walidhani kuna moto. Tulijaa kwenye majani yote, mpaka chini kwenye mikaratusi. Sauti ya Mfalme ilisema Kifaransa, na sisi tuliosoma kidogo tuliokota neno hapa na pale. Nilimtazama Padri. Alikuwa amesimama, na mkono wake ulipanda polepole ukavua kofia.

Halafu Kiswahili. Nikangoja sauti yako. Akatoka Firmin.

Alianza chini sana, kama mtu anayesema na mgonjwa. Mfalme amesema hivi, Mfalme amesema vile. Halafu akasimama. Alikaa kimya mpaka nikadhani betri imekufa. Halafu akasema: “Uhuru. Mfalme amesema, nchi hii itapata uhuru.” Sauti yake ilipasuka pale katikati, kama kitambaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyelia. Nimeona watu wakifurahi na nimeona watu wakiogopa, lakini ile sikuwahi kuiona. Muzee mmoja mbele yangu aliweka kiganja chake juu ya ardhi, kama unavyomgusa mtoto aliyelala uone kama anapumua. Mama kwenye kitanda chake alisema, “Arudie.” Redio haikurudia. Basi watu wakaanza kurudia wenyewe, mmoja akimwambia mwingine, taratibu, uhuru, uhuru, mpaka neno likafika nyuma kabisa na kuteremka njiani.

Sasa la kwanza. Wewe ulikuwa wapi? Uliandika kwamba utasoma wewe. Nikasema moyoni, basi, amekwisha kukaa kwenye kiti. Wakubwa hawasomi, wanasomesha wengine. Na jambo zito kama lile amemsukumia Firmin, ili likiharibika liwe la Firmin.

Unaniambia nikuambie kitu. Sitakuambia ukatae, siyo mimi niliyesimama mbele ya dirisha lile. Lakini blanketi nimelikunja. Mama mwenyewe alilivua jana tuliporudi. Alisema linamwasha.

Virginie


Bukavu, tarehe 18 Januari 1959

Mama Colombe,

Umenihukumu na una haki, kwa sababu ulisikia tu, hukuona. Ngoja nikuonyeshe.

Nilikuwa nimekaa mbele ya mikro. Karatasi yangu ilikuwa imefika kutoka kule juu kabla Mfalme hajafungua mdomo, imepigwa mashine vizuri. Firmin alikuwa ukutani nyuma yangu. Upande wa pili wa kioo alikaa Bwana Emile, mkono kwenye kifungo cha kukata matangazo, na nyuma yake yule bwana wa dirisha kubwa, amekuja mwenyewe kusikiliza.

Mfalme akasema. Mimi na Firmin tulikuwa na vyombo vya kusikilizia masikioni. Na nikasikia, Virginie, kwa masikio yangu haya, indépendance. Nikatazama karatasi. Palipokuwa neno lile paliandikwa “maendeleo makubwa na ushirikiano mwema.” Nikafikiri nimeruka mstari. Nikasoma tena. Halikuwepo. Walikuwa wamelitoa kabla sisi hatujaliona.

Taa nyekundu ikawaka. Nikaiweka karatasi mezani. Si kwamba nilikuwa shujaa. Niliwaza majani yale ya mission na mama juu ya kitanda chake. Nikasimama. Nikamshika Firmin mkono, nikamkalisha pale nilipokuwa nimekaa. Aliniangalia mara moja tu. Akachukua karatasi, akaigeuza kifudifudi juu ya meza, na akaanza kusema kile alichosikia, kutoka kichwani, sentensi kwa sentensi, bila kukosea hata moja. Ulisikia alivyonyamaza? Nilimshika mabega asianguke.

Yule bwana nyuma ya kioo alikuwa anapiga kelele. Sisi hatukusikia kitu, mule ndani hakuingii mlio. Tuliona tu mdomo unafunguka na kufungika, kama samaki aliyetupwa mchangani. Midomo tu ilionyesha: kata! kata! Na Bwana Emile, huyu Bwana Emile aliyetupigia kelele miaka yote hii kwa ajili ya kikohozi, alitoa mkono kwenye kifungo, akauweka mfukoni. Akauacha mfukoni mpaka mwisho.

Kesho yake Firmin akafukuzwa kabla hajavua koti. Mimi nikapandishwa kule juu.

Nilidhani watanifunga. Wakanikalisha, wakanipa sigara. Bwana yule alikuwa na sauti laini. “Alphonse, kiti bado ni chako. Sema tu namna ilivyokuwa. Firmin alikusukuma, akakupokonya mikro kwa nguvu. Njo vile, sivyo?”

Ziwa lilikuwa pale dirishani, limetulia, na Idjwi yako katikati. Nikasema: “Hapana, Bwana. Nilimupa mwenyewe.”

“Fikiri vizuri.”

“Nilimupa kwa mikono yangu. Kiti kilikuwa chake tangu mwanzo.”

Akaniangalia kwa muda mrefu, siyo kwa hasira. Akanitazama kama mtu aliyeona jiwe likisema. Halafu akaita mtu anitoe.

Hawakunifukuza, labda kwa sababu hawataki watu waulize kwa nini sauti mbili zimepotea pamoja. Wamenitoa kwenye mikro. Sasa napanga diski za muziki na kuzipangusa vumbi. Kiti wamempa Edouard, karani wa ofisi ileile ya juu. Ni kijana mwenye adabu na tai nzuri. Alipofika aliniuliza choo kiko wapi na mikro inaitwaje.

Firmin amerudi kwao Luvungi na muke na watoto. Bwana Emile ameondoka kwa ndege. Alipaswa kukaa mpaka Pasaka.

Nyumba ya matofali haipo tena. Shule ya masista haipo. Nisamehe, au usinisamehe, lakini jua.

Alphonse wako


Idjwi, tarehe 8 Februari 1959

Baba Colombe, mume wangu,

Niliisoma barua yako nimesimama. Halafu nikakaa chini, pale pale kwenye kizingiti, nikamsomea mama yote kwa sauti. Nilipofika kwenye “nilimupa mwenyewe,” aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema kwa sauti ndogo: “Huyu nilimuzaa miye?” Hakuwa ananiuliza. Alikuwa anashangaa, kama siku ile redio ilipotoa sauti yako mara ya kwanza.

Maneno yangu ya barua ile uyachome moto. Nilikuwa nimeolewa na wewe miaka yote hii nikidhani nakujua urefu wako.

Blanketi nilimrudishia Bwana Administrateri kwa mkono wa katekista. Mganga wa dispansari hapandi tena, na mimi namkanda mama mguu mwenyewe kwa maji ya moto na majani. Tunaweza.

Sasa nikueleze siku ya kwanza ya Edouard. Tulikusanyika kama kawaida, labda zaidi ya kawaida, kwa sababu watu walitaka kusikia tena lile neno. Ikatoka sauti yake. Si mbaya. Kiswahili chake ni safi, kinapita kama maji kwenye bomba. Alisema habari za barabara, habari za chanjo ya ng'ombe, habari za ziara ya mkubwa fulani aliyeridhika sana na alichokiona. Watu walingoja. Akasema tena mkubwa ameridhika.

Mwanamke mmoja akainua mzigo wake, akaondoka. Halafu mvuvi mmoja. Halafu wazee, mmoja akimsaidia mwingine kusimama. Hakuna aliyenung'unika, hakuna aliyetukana, hata watoto hawakukimbia. Waliondoka taratibu, kwa heshima, kama mnavyotoka kwenye nyumba ya mtu aliyelala. Nikageuka nikaona majani matupu, yamelala chini yote kwa alama za watu, na redio bado inasema peke yake juu ya baraza. Padri Constantin alikuwa amebaki amekaa mbele yake, mikono magotini. Aliisikiliza kidogo zaidi. Halafu akainuka akaizima.

Sikujua kwamba watu wanaweza kukataa kitu kikubwa vile bila kufungua midomo. Nilirudi nyumbani na nywele zimenisimama.

Na Firmin anakula nini huko Luvungi? Nenda ukamwone.

Virginie wako


Luvungi, tarehe 8 Machi 1959

Mama Colombe wangu,

Nimekuja kama ulivyoniambia. Nilishuka mteremko wa Ngomo juu ya kamiyo, lori la pamba, nimeshikilia kamba, macho nimefumba kwenye kona zote, na nilipoyafungua nikaona bonde la Ruzizi limetandikwa mbele yangu, pana, limejaa jua. Joto la huku ungelia.

Nilifikiri nitamkuta Firmin amevunjika. Nilikuwa nimejiandaa na maneno ya kumtuliza njiani kote. Nikamkuta shambani, suruali imekunjwa, mikono imechubuka kwa jembe, anacheka. “Karibu, bwana diski!” Muke wake alitupa bugali na samaki, tukala. Hakuniuliza habari za studio.

Jua lilipoanza kushuka akanawa, akavaa lile koti lake la kupigwa pasi, akaniambia, “Twende.”

Kuna uwanja pale wanapoanika pamba. Virginie, ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wamekaa chini na wengine wamesimama mpaka kwenye mihogo, wanawake, wazee, wachungaji na ng'ombe wao nyuma yao. Nikatafuta redio. Hakukuwa na redio. Firmin alipita katikati yao, akasimama juu ya kipande cha mti, akaanza.

Anapata habari kwa madereva wanaotoka Usumbura, kwa magazeti ya zamani yaliyofungiwa sabuni, kwa watu wa ndege. Na anasema kila moja kwa jina lake. “Hii nimeisoma.” “Hii niliambiwa na watu wawili.” “Hii nimeisikia tu, na siijui kama ni kweli, msiibebe mbali.” Bei za pamba. Nani amefungwa Léopoldville, nani ametoka. Sauti ileile! Bila waya, bila kioo, bila taa nyekundu, na ilifika mpaka kwa mchungaji wa mwisho, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyethubutu hata kuhamisha mguu. Agent wa serikali amekwisha kuja mara moja kumkataza. Firmin alimjibu, “Bwana, miye naongea na majirani.” Yule akatazama majirani walivyo wengi, akapanda baiskeli yake. Atarudi, na hatakuja peke yake. Firmin anajua. Muke wake amekwisha kufunga nguo zake katika kitambaa, kwa siku watakayomchukua.

Nikiwa nimekaa pale nyuma, nimesahau hata mimi ni nani, akanionyesha kwa kidole. “Yule mtu mnamujua kwa masikio. Ndiye Alphonse wa Redio ya Ziwa. Alphonse, simama.”

“Niseme nini, muzee?” Nilikuwa sina karatasi.

“Ile uliona.”

Nikasimama. Nikawaambia kiti kilivyotolewa, na kwa nani, na kwa nini. Nikawaambia neno lilivyofutwa kwenye karatasi kabla ya kusemwa, na mkono wa mzungu ulivyokaa mfukoni, na mimi nilivyoomba wakati nilipotakiwa kusema hapana. Sikuficha. Sauti yangu mwanzoni ilikuwa ndogo, nimezoea mikro inibebe. Halafu ikapata njia.

Miaka yote hii nimesema na nchi nzima nikitazama kioo na kichwa cha Bwana Emile. Leo nilikuwa na nyuso zao mbele yangu, zote, na mwanga wa jua juu yake. Waliponielewa niliona. Walipoumia niliona. Mama mmoja alikuwa ananyonyesha mtoto, alinitazama tangu neno la kwanza mpaka la mwisho bila kupepesa, na nilipomaliza akaitika kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepokea kitu chake.

Naandika hii nikiwa ningali nimekaa uwanjani, na watu bado hawajaondoka.

Alphonse